Stoo imejaa mahindi, mtoto wangu nimeambiwa amedumaa

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 29, nimeolewa na nina watoto wawili. Tunaishi mkoa wa Njombe, kijijini, si mbali na barabara ya kwenda Makambako. Kijiji naomba nisikitaje, huku watu wanajuana.

Mume wangu analima parachichi na pia anazikusanya kwa wakulima wengine na kuwauzia wanunuzi wa kampuni. Mungu ametujalia. Mwaka huu tumevuna gunia 70 za mahindi, maharage yapo, tuna nguruwe na kuku, na tunajenga nyumba ya bati la kisasa, imebaki vigae na madirisha. Mimi nina duka la vitenge na nguo za watoto Makambako. Natoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi gari, narudi saa mbili usiku, na siku za mnada hata saa tatu. Watoto nawaacha kwa mama mkwe, tunakaa naye nyumba moja ile ya zamani.

Mwezi uliopita ilikuwa siku ya afya na lishe pale kijijini. Siku zote mdogo, ambaye ni wa kike, anapelekwa na bibi yake, safari hii nikafunga duka nikampeleka mwenyewe. Wakamlaza kwenye ubao, mmoja kashika kichwa, mwingine kanyoosha magoti, muuguzi akasoma: sentimita 75. Akaniuliza umri mara mbili. Miezi ishirini. Akaniambia mtoto amedumaa. Mama, nilicheka. Nilidhani kachanganya kadi. Mtoto mwenye mashavu vile! Ana kilo 9, na kwenye kadi yake vidoti vyote viko kwenye kijani.

Nilipomwambia mume wangu alikasirika sana. Akasema, "Nyumba yenye gunia 70 unaiitia udumavu? Kwetu sisi wafupi, baba yangu mfupi, wewe mwenyewe si mrefu." Kesho yake akageuza maneno, akasema kama kweli mtoto ana shida basi duka ndilo linalomdumaza, nilifunge nikae nyumbani kama wanawake wengine. Mama mkwe naye hajaniongelesha vizuri tangu siku hiyo, anaona nimemsema kwamba hajui kulea, wakati yeye kalea saba.

Nikwambie ukweli, nina kinyongo naye. Mayai anakusanya anauza, anasema mtoto ambaye hajaanza kuongea akila yai atachelewa kusema. Asubuhi anampa uji mweupe wa sembe na sukari, mchana ugali na mchuzi wa maharage pamoja na wajukuu wengine kwenye sinia moja. Jioni baba yake akirudi anamletea biskuti na juisi ya paketi. Chakula cha usiku kinaiva saa tatu, mara nyingi nakuta mdogo kashalala. Masika yote alikuwa anaharisha, anapona, anaharisha tena. Alizaliwa na kilo 2.3, kipindi hicho nilikuwa nabeba marobota ya nguo mpaka mwezi wa nane. Ziwa nilimwachisha ana miezi kumi na moja kwa sababu ya duka.

Kinachoniuma zaidi ni mdogo wangu wa kike. Amepanga chumba kimoja Mbagala, Dar es Salaam, mume wake ni bodaboda, choo wanatumia wapangaji wote. Mwanawe na wangu wamepishana wiki mbili. Alipokuja Desemba tukawasimamisha pamoja, wangu akaishia kwenye sikio la mwenzake. Tulicheka siku ile. Sasa anasema nimpelekee mtoto akae naye mwaka mmoja.

Nifanye nini? Nifunge duka, ambalo ndilo kitu pekee chenye jina langu? Nimpeleke Mbagala? Nigombane na mama mkwe? Na je, nimeshamharibu mwanangu?

Mama K, Njombe

MAJIBU

Marahaba, Mama K. Nianze na swali ulilolitupa mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hujamharibu. Kipimo cha urefu kinatuambia kwamba mtoto amepitia kipindi ambacho mwili wake haukupata ulichohitaji. Hakitabiri atakuwa mtu gani. Ni kweli udumavu unahusishwa na kuchelewa kujifunza, na ni kweli wataalamu wanasisitiza siku 1,000, yaani tangu mimba hadi miaka miwili, kwa kuwa ndipo mwili na ubongo vinakua kwa kasi. Mwanao ana miezi ishirini. Miezi minne bado imo ndani ya hesabu hiyo, na hata baada ya hapo mlango haufungwi kwa kufuli. Mtoto wa miaka mitatu anayelishwa vizuri, asiyeharisha kila mara na anayezungumzishwa bado anafaidika.

Nimesoma barua yako mara tatu. Naona mambo matatu yamefungwa fundo moja: urefu wa mtoto, duka lako, na mama mkwe. Mume wako amelivuta fundo upande wa duka, wewe unalivuta upande wa mama mkwe. Tulilegeze kidogo kabla hatujakata kamba.

Kwanza yule muuguzi. Hakuchanganya kadi. Mchoro ule wa kijani unaoutazama ni wa uzito kwa umri, na mtoto mfupi mwenye mashavu anaweza kukaa kwenye kijani mwaka mzima bila mtu kushtuka. Kilo 9 kwa mtoto wa sentimita 75 zinampendeza kabisa. Shida ni kwamba mtoto wa kike wa miezi ishirini kwa wastani huwa na kama sentimita 83. Ubao ule ndio umesema kilichokuwa kimejificha nyuma ya mashavu, na ni jambo jema kwamba siku hiyo ulifunga duka.

Mume wako anasema ni ukoo. Ukoo una sehemu yake, simbishii. Lakini Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wa nchi sita, Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, watoto walionyonyeshwa, wakalishwa na kutunzwa vizuri, na walipolinganishwa katika miaka ya mwanzo urefu wao ulikaribiana sana. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2006, ndivyo vinavyotumika kliniki mpaka leo, vilitokana na watoto hao. Kwa hiyo ukoo huonekana zaidi baadaye, akishakua. Kwa mtoto wa miezi ishirini, kabla ya kumsingizia babu, tuangalie kwanza bakuli.

Na hapo kwenye bakuli ndipo ninapotaka tukae.

Mume wako ameuliza swali zuri bila kukusudia: nyumba yenye gunia 70 inapataje udumavu? Mama K, hilo ni swali la nyanda zote za juu kusini. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Iringa ilikuwa karibu asilimia 57, Njombe na Rukwa zote karibu asilimia 50. Ndiyo, mikoa ileile inayolisha wengine. Fedha inasaidia, nisikudanganye: utafiti wa 2015-16 ulikuta udumavu wa asilimia 40 katika kaya maskini zaidi na asilimia 19 katika kaya zenye uwezo zaidi. Lakini itazame hiyo 19. Ni karibu mtoto mmoja kati ya watano, kwenye nyumba ambazo hakuna aliyelala njaa. Hauko peke yako, na mume wako hana sababu ya kuona kwamba ametangazwa.

Tena jambo hili wazee wa huko kwenu walishaliona. Mwaka 1983, Njombe ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa, ulianza mradi mkubwa wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa, na matokeo yakajadiliwa kijijini hadharani. Katika kazi ile ndipo wazo fulani lilipokomaa, na UNICEF wakalichukua mwaka 1990 likaenea duniani: mtoto anahitaji chakula, afya na matunzo kwa pamoja, na kimoja kikikosekana viwili vilivyobaki havitoshi. Kilichowakwamisha akina mama wengi ni muda. Mahindi yalikuwepo. Wa kumlisha mtoto kidogo kidogo, mara nne mara tano kwa siku, alikuwa shambani.

Sasa rudi kwenye barua yako uisome kama vile imeandikwa na jirani. Stoo ina maharage, banda lina mayai, shamba lina parachichi. Mtoto anakunywa uji mweupe, anapata mchuzi wa maharage (mchuzi, Mama K, maharage yenyewe wanayala wakubwa), anashindana na binamu zake kwenye sinia, anajazwa juisi jioni, analala kabla ya chakula. Tumbo lake ni dogo kama kikombe. Juisi na biskuti zikiingia saa kumi na mbili, hata chakula kingeiva mapema asingekitaka. Baba yake hana ubaya, analeta alichokiona dukani kuwa ni cha watoto wa wenye nazo. Najiuliza tu: zile parachichi zinazokataliwa na wanunuzi kwa kuwa na mikwaruzo zinakwenda wapi? Nikikisia kwamba zinakwenda kwa nguruwe, nitakuwa nimekosea?

Kuhusu mama mkwe, niruhusu nikuulize kwa upole. Una hakika ni ubahili? Mwanamke wa umri wake, asiye na duka, hela yake inatoka wapi? Huenda trei la mayai ndilo sadaka yake, sabuni yake, mchango wake wa msiba. Ukimwambia mayai yote ni ya mtoto, umemfungia duka lake, kama mume wako anavyotaka kukufungia lako. Na hilo la yai na kuongea halina ukweli, lakini hakulitunga yeye, alilirithi. Amelea saba, ndiyo. Hatujui wangapi kati ya hao wangeandikwa "amedumaa" kama ubao ungekuwepo, na hilo usimwambie kamwe.

Jambo jingine ulilipitia haraka ni kilo 2.3 za kuzaliwa na marobota hadi mwezi wa nane. Huenda ufupi huu ulianza kabla bibi hajamshika mtoto, na nyumba mnayokaa nayo ina lake la kusema. Silileti ili nikuongezee mzigo. Nalileta kwa sababu lawama yote ikienda kwa mtu mmoja, kesho utarekebisha mtu mmoja na mtoto atabaki palepale.

Haya, njia zako.

Kufunga duka kunaonekana ndiyo njia safi. Ungekuwepo, ungelisha, ungeona. Lakini jipe picha ya wiki ya tatu: je, ungekuwa jikoni, au ungekuwa shambani kwenye parachichi ukilipwa ahsante? Kwenye nyumba nyingi nilizozifahamu, hela iliyo mkononi mwa mama hufika kwenye chungu haraka kuliko hela iliyo kwenye saruji. Ukiikosa, kila dagaa itabidi uiombee. Sisemi usifunge. Nasema kabla ya kufunga, mume wako aseme kwa shilingi ni kiasi gani kitaingia mkononi mwako kila wiki, na kazi gani ya shamba haitakuwa yako. Katikati ya kufunga na kutofunga pia pana nafasi: siku tatu badala ya sita, kuondoka saa mbili baada ya uji, binti mkubwa wa kukuuzia siku zisizo za mnada. Utapoteza wateja, hilo lipo. Wewe ndiye unayejua duka linaweza kubeba nini.

Mbagala. Moyo wa mdogo wako ni mzuri, na mtoto wake mrefu ni ushahidi wa kitu fulani. Lakini ni kitu gani? Sidhani ni Mbagala yenyewe. Pengine ni kwamba yupo nyumbani, ananunua vya mia tano mia tano kila siku: leo dagaa, kesho mchicha, keshokutwa embe, na mtoto anakula kwenye kibakuli chake. Muulize, mwanzo hadi mwisho wa siku moja, uandike kila alichokula mwanawe. Hicho unaweza kukileta Njombe bila kumpandisha mtoto basi. Ukimpeleka, utamhamisha kwenye choo cha wapangaji wengi na mafuriko ya masika, na utamtenganisha na mama katika umri ambao kuondokewa peke yake kunaweza kumkatisha hamu ya kula. Wapo watoto waliolelewa na mama wadogo wakanawiri. Wapo pia waliorudi wakimwita mama yao mama mkubwa.

Njia ya kubaki mlivyo na kubadilisha mambo ndani inaonekana nyepesi, lakini ndiyo ngumu, kwa sababu inakutaka uongee na watu wawili waliokasirika. Ningekuwa mimi, ningeanza kwa mama, tena kwa swali: "Mama, nesi kaniuliza maswali nikashindwa kujibu, naomba twende wote mwezi ujao akuulize wewe unayekaa naye." Mpe heshima ya mjuzi, maana kwa siku ya mtoto yeye ndiye mjuzi. Nunua mayai kwake. Usicheke, nunua, mlipe bei ya dukani kwa hela yako ya vitenge, mradi moja lipikwe kila siku likaingie tumboni mwa mdogo. Kibakuli chake chenye rangi yake, kisichochangiwa. Maharage yapondwe, mchuzi uwe wa kulainishia. Dagaa wa Nyasa ni wenu wa mkoani, wasagwe waingie kwenye mboga. Uji uwe mzito, ule usiochuruzika kwenye kijiko, wenye parachichi iliyopondwa au karanga safi zilizosagwa. Na chake kitengwe saa kumi na mbili, wakubwa wasubiri saa tatu yao.

Tahadhari moja hapo: usikimbilie unga wa lishe wenye nafaka na mbegu kumi na mbili. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua, yenye ukungu utupe, na nguruwe pia usimpe.

Kuharisha kule kwa masika nako kusikupite. Mtoto anayeharisha kila mara hata akila yai, utumbo uliochoka hauchukui vyote. Kuku wanalala jikoni? Kwa baridi ya huko, nyumba nyingi hulaza kuku pale penye moto, na mtoto wa umri huu anacheza chini, anaokota, anatia mdomoni. Moshi nao unampa kifua. Maji ya kunywa mnachemsha? Haya ndiyo yanayonifanya niitazame ile nyumba mpya kwa jicho lingine. Simuombi mume wako asitishe vigae. Ila choo kizuri, banda la kuku la kufunga na pipa la maji lenye bomba vinaweza kuingia kwenye ujenzi uleule, na mwanamume anayejenga hupenda kuombwa kujenga. Mrudishe pia mtoto kituo cha afya, umweleze mganga habari ya kuharisha, aangalie minyoo, damu, na magonjwa mengine yanayofaa kupimwa. Usione aibu kuuliza.

Kwa mume wako, sidhani maneno yangu au yako yatatosha. Ubao labda utatosha. Mwombe awapeleke wewe na mama kwa gari lake siku ya kupima, "tusichelewe tu". Asimame pale aone watoto ishirini wakilazwa mmoja baada ya mwingine, aone ni wangapi wa majirani zake wanaandikwa kama wake. Hasira ya kudhani uko peke yako huwa inapungua kwenye foleni. Inawezekana pia ikaongezeka, akaona mmemfanyia njama, na wewe unamjua kuliko mimi. Kama kuna shemeji au mzee anayemsikiliza, mtangulize.

Sijakwambia uchague lipi, na najua ulitaka nikwambie. Ila urefu unapimwa vizuri ukiachia miezi miwili mitatu, sentimita moja moja. Niandikie baada ya kipimo kijacho, hata mistari miwili: ana sentimita ngapi, na lile yai linapikwa na nani.